Mikwaruzo Minne

Nilianza na kisu cha kupakia siagi
juu ya meza ya plastiki, Magomeni Mapipa,
Jumapili, umeme umekatika.
Kwenye simu nilikuwa nimemwona mtu mmoja
akiifungua saa kama anamenya chungwa.
Nikasema: vidole ninavyo, macho ninayo,
na hii ni saa ya baba yangu, si ya mtu.

Mfuniko ulitoka kwa hasira.
Ndani mlikuwa na mji mzima,
magurudumu yameegemeana,
skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta,
na kimoyo cha waya, kimenyamaza.
Nikatia tone la mafuta ya cherehani.
Tone moja,
na kwa saa ile ilikuwa mafuriko ya Jangwani.
Nikabonyeza palipokaza.
Kitu kikaruka, ti!
kikaenda zake chini ya friji
au kwa Mungu.

Fundi Tabu Pazi ana kibanda Mtaa wa Mkunguni,
upana wake mlango na nusu,
kati ya muuza makava ya simu na muuza madira.
Tabu ndilo jina lake,
na tabu za watu kama mimi ndizo zinazomlisha.
Feni anayo, lakini haiwashi;
joto la Februari linamtiririka shingoni
naye anaogopa upepo kuliko joto.
Akavaa lenzi jichoni.
Akachungulia. Akaguna.
Nikaona kwamba kibano chake hakisogei
ila katikati ya pumzi na pumzi.

"Mwaka wa kwanza kwa Bwana Kanji," alisema
bila kuinua uso,
"bisibisi sikuishika. Nilifagia.
Nikishafagia, nazipepeta taka
kutafuta kilichomdondoka yeye.
Wa pili, saa za ukutani tu.
Ya mkononi nilipewa wa nne,
tena iliyokufa."

Kisha: "Nani mwingine aliifungua hii?"
Mimi tu, nikasema.
"Mh," akasema Tabu,
akanivulia lenzi, ikiwa bado na jasho lake.

Ndani ya mfuniko, kwa ncha ya sindano,
mwandiko wa sisimizi: K. 3/79.
"Huyo mwalimu wangu. Sasa tazama ukingoni.
Huu unaong'aa ni wako.
Hii mitatu imeshakuwa myeusi.
Kanji hakwaruzi."

Baba.
Karani wa reli, aliyefika stesheni kabla ya reli yenyewe.
Aliyetupiga vidole kwa kuigusa tu kamba yake:
saa haichezewi!
Kumbe nawe?
Kwa kisu gani, usiku upi,
kibatari ukikisogeza karibu, mama amelala,
na asubuhi ukaibeba kwenye leso
mpaka kwa Kanji, huna la kusema?

Yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma.
Akrabu zote mbili zikiwa juu kabisa
panapoandikwa kumi na mbili, mwanangu,
wewe sema saa sita.
Inachoonyesha ni hiki, unachosema ni kile cha ng'ambo.
Basi nalisoma hivyo hivyo neno lake,
haichezewi,
kwa upande wa pili.

Siku kumi na moja. Elfu themanini na tano.
Tabu alikwaruza herufi zake chini ya za Kanji,
akafunga, akaitia ufunguo,
akaniwekea sikioni kama anayeniambia umbea.
Ukiona vyazunguka, vimeundwa.
"Itachelewa dakika mbili kwa siku. Iache ichelewe."
Nikamwuliza kama mikwaruzo ya ukingoni inafutika.
"Inafutika. Nifute ipi?"
Nikahesabu chenji yangu mara ya pili.

Nyumbani nililisogeza friji.
Sarafu ya hamsini, mende mkavu,
kifuniko cha kalamu, mchele.
Nikafagia, nikapepeta.
Ipo kwenye kiberiti sasa, ile skrubu,
nayo haina kazi popote duniani.
Kisu nimekirudisha kwenye siagi.