Amri ya Kungoja

Saa nane na dakika arobaini usiku, Dundee,
chini ya ghala la msaada wa chakula, mtaa wa Hilltown,
nimekalia boksi la biskuti
na seva ya mtumba mbele yangu inahema, feni zote zinazunguka,
ila haina habari.

Jioni umeme ulikatika kwa pumzi moja tu.
Taa zikarudi. Friji zikarudi. Hata redio ya Eilidh ikarudi
katikati ya utabiri wa mvua.
Kanzidata haikurudi.
Saa tatu asubuhi kaya mia mbili na kumi na nne
zitapanga foleni hapo nje, nasi hatutajua
nani karanga humdhuru, nani amejifungua mapacha,
nani aliomba jina lake lisiitwe kwa sauti.

Nikaizima, nikaiwasha.
Huduma imeshindwa kuanza.
Nikaizima, nikaiwasha.
Huduma imeshindwa kuanza, safari hii kwa wino mwekundu.
Mkono ukaenda mara ya tatu, nikauzuia.
Kumgongea anayekataa kufungua si ufundi, ni ugomvi.

Nikafungua batli.
Mashine haina haya ya kukiri kosa,
lakini hukiri kama karani wa mahakama:
mistari mia ya adabu, neno moja la kweli,
nalo kama mwiba wa samaki ndani ya wali.
Nikashuku diski imejaa. Haikujaa.
Nikashuku ruhusa. Kila faili na mwenyewe.
Nikashuku mlango wa mtandao umeshikwa na mwingine.
Mlangoni hapana mtu.
Nikamshuku Gregor, aliyepanga nyaya juzi,
Mungu anisamehe,
Gregor ambaye hutuletea supu ya dengu na halipwi hata senti.

Saa tisa na robo nikauona:
*folda ya data ni tupu.*

Tupu?
Miaka sita ya majina, tupu?
Nikaingia mwenyewe, vidole vimekufa ganzi,
nikaamuru: orodhesha.
Yakamiminika. Yote. Skrini nzima na nyingine na nyingine.

Basi nikasoma saa, si maneno.
Huduma iliamka sekunde ya nne.
Diski ya pili, ile kongwe inayokohoa ikizunguka,
zamani ilifika sekunde ya tatu;
usiku huu imefika ya kumi na moja.
Sekunde saba.
Huduma ilifungua chumba vyombo vingali njiani,
ikaona kuta, ikasema hapa hapakai mtu,
ikaondoka na neno lake.

Nilicheka peke yangu.
Mimi nami mji huu niliuingia Januari
siku tano kabla ya chumba changu.
Tiketi ilisema tarehe mosi, mwenye nyumba alisema sita.
Nikachungulia dirishani, nikaona sakafu na waya wa taa,
nikampigia dada yangu Saumu, Tanga:
huku hakuna maisha, narudi.
Akanyamaza kidogo, nasikia anachambua mchele.
“Umeitangulia nyumba, ndiyo hayo tu.
Iache ifike.”

Niliiambia huduma *anza*, kwa mkono. Ikaanza, haina kinyongo.
Lakini anayeamka kwa kusukumwa kesho atalala tena.
Nikaandika mstari mmoja, maneno manne:
*usianze mpaka diski ifike.*

Kisha nikaizima makusudi.
Hapo ndipo tumbo la fundi hupimwa,
kukizima kitu kinachofanya kazi.

Nne, ikakaa kimya.
Saba. Tisa, diski inakohoa.
Kumi na moja.
Kumi na mbili: kijani.

Jina la kwanza kwenye orodha ni la mtu anayeomba maziwa ya unga
na sabuni isiyo na harufu.

Nikamwandikia Eilidh:
Majina yapo. Tununue diski, hii haitafika Desemba.
Boksi moja la biskuti limebonyea.
Ni mimi.