Hamsini Ninayo

Bi Nyamizi ametandaza kanga mezani,
juu yake lenzi nne za marehemu
zilizotoka kwenye sanduku linalonuka nafutalini.
Dirishani, mawe ya Mabatini yamebebana
kama mizigo isiyo na mwenyewe.

Fedha yangu ni ya lenzi mbili.
Hamsini ninayo, ilikuja na kamera:
jicho la mtu aliyesimama mlangoni,
hajaingia, hajaaga.

"Hii ishirini na nane," asema,
"ni ya familia zilizokataa kupungua.
Studio yetu pale Makoroboi ilikuwa hatua sita,
ukuta hadi ukuta.
Watu kumi na wanne, na wa kumi na tano tumboni,
wote waliingia.
Wa pembeni walitoka wanene kidogo,
hakuna aliyedai chenji.

Themanini na tano ni ya maharusi.
Hiyo humsamehe mtu pua yake."

Thelathini na tano naiinua kwenye mwanga wa ziwa.
Ndani ya kioo ukungu umetambaa
uzi kwa uzi, kama gugu maji changa.
Hata ingekuwa safi
ingekaa karibu mno na hamsini yangu,
dada wawili kugombea gauni moja.
Nataka inayoanza pale hamsini inaposhindwa.

Nazungusha pete. Trii, trii.
Visu vya mwanya vikavu, havijalowa mafuta.
Midomo ya zote ni sawa:
kichujio changu kimoja cha manjano
kitazunguka kwa zote
kama sufuria ya jirani.

Imebaki ya nne, mia thelathini na tano.
Ameifunika kwa ncha ya kanga.

"Na hii?"

"Aliinunua kwa mkopo.
Mimi niko Igombe naanika dagaa,
yeye yuko juu ya jiwe, kule.
Miezi miwili.
Nilidhani anapiga picha yangeyange."
Akacheka, akaacha.
"Siku alipobadili lenzi
ndipo nilipolijua jina lake."

Hiyo sikuiulizia bei.
Nikachukua ishirini na nane, na ya maharusi.
Akahesabu noti mara mbili,
akanirudishia elfu mbili ya nauli
nami nilikuja kwa miguu.

Jumamosi, Igombe.
Dagaa wamemeta mchangani, macho yanauma.
Nimebakiwa na picha nne kwenye filamu.
Nafunga ishirini na nane:
mwanamke mwenye reki anakuwa mdogo
kama kokwa ya ndimu, ziwa lote limemmeza.
Nasogea. Bado.
Nasogea tena, mchanga na magamba viatuni,
mpaka meno ya reki yananigusa kidole
naye, bila kuinua uso,
ananiuliza:
"We mtoto wa nani?"