Ki, Sitini na Saba

Ki ni Kiel, mji ilikopatikana.
Sitini na saba ni namba ya kishimo cha sahani
walimoikuta kingamwili ikifanya kazi.
Hakuna fumbo. Ila katika lugha ninayoandikia
ki ni ngeli ya vitu, na ya vidogo:
kifua, kivimbe, kipande, kioo,
kiini,
na humo kiinini ndimo protini hii hukaa
seli inapojiandaa kugawanyika.
Ikitulia, huioni tena.

Jumanne, Gesa Lornsen akata nta.
Kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu
chaelea kwenye maji ya uvuguvugu.
Akinasa kwa kioo
kama unavyoengua utando wa maziwa.
Dawa, suuza, dawa, suuza.
Kisha rangi: buluu kwa seli zilizolala,
kahawia kwa zilizoamka.

Anahesabu. Kidole kwenye kibonyezo, tik, tik,
mpaka mia tano, chai ikipoa.
Apata ishirini na nane kwa mia.
Daktari Brodersen, darubini ile ile, kioo kile kile,
apata thelathini na mbili.
Wanatazamana. Wanaanza upya.
Kati ya namba hizo mbili kuna mwanamke
wasiyemjua ila kwa mistari ya msimbo.

Wanaandika thelathini.

Heinke Jessen ana mizinga kumi na mmoja nje ya Preetz.
Alipoambiwa nyama ya titi lake imezamishwa kwenye nta
akacheka.
"Basi haitaoza."
Akaonyeshwa picha. Akavua miwani, akaisogelea:
"Mbona hili ni sega?"
Kila Aprili huinua fremu kwenye mwanga,
huhesabu vyumba vilivyozibwa, vya kahawia,
akajua kama kundi litagawanyika.
"Kwangu vikijaa nafurahi. Hapa nisifurahi?"

"Hapa usifurahi sana," akasema daktari wake.
"Lakini itazame na hii:
vipokezi vya estrojeni, tisini kwa mia.
Huo ni mlango. Dawa ina pa kuingilia."

"Na miaka? Mingapi?"

"Kati ya wanawake mia wenye namba kama zako..."

"Sina mia," Heinke akamkatiza. "Ninaye mmoja."
Akaikunja karatasi, mara mbili, mara nne.
"Mwaka juzi nilihesabu sawasawa, fremu kwa fremu.
Nikasema, hawa hawaendi popote.
Wakahama Jumapili, mimi niko kanisani."

Kioo kiko kabatini, droo ya nne.
Kinachoonekana humo ni asubuhi moja ya Machi,
seli zimekamatwa zikiwa njiani,
nyingine mguu nje, mguu ndani.
Yaliyofuata hayamo.

Heinke yuko mlangoni, anafunga koti,
anamuuliza bawabu
kama duka la fremu, lile la karibu na stesheni,
hufungwa saa kumi na mbili au saa moja.