Mpendwa Mlipaji

Barua imekuja kwa jina la baba.
Mwaka wa tisa huu yuko chini ya udongo wa Masii
na kaunti bado inamwita mpendwa mlipaji.
Mpendwa mlipaji, unadaiwa:
ploti moja, Dandora,
vyumba kumi na viwili, choo kimoja,
mfereji mmoja unaokohoa Jumanne na Ijumaa.

Nimeisoma nimesimama nje,
maana lango limetiwa mnyororo na kufuli la manjano,
na karatasi nyekundu, gundi bado mbichi,
imefunika tangazo la mganga.
Wapangaji wamekalia mitungi yao ya gesi.
Mama Ndanu ameacha maharagwe motoni huko ndani.
"Sisi kodi tumelipa," asema. "Kila tarehe tano."
Ni kweli, wamelipa.
Wamemlipa kaka yangu Musembi.

Kijana wa gundi angali hapa, anangoja gari lao,
ndoo mkononi, fulana ya kung'aa imemzidi mabega.
"Mimi natumwa tu, dada," anajitetea kabla sijauliza.
"Hata kwetu Kayole nimebandika.
Mamangu hakunipa chai."

Baba alikuwa akilipa kila Machi.
Alivaa tai. Kwenda kulipa ardhi, kwake, ilikuwa kama kwenda harusini.
Risiti alizitia katika kopo la Kasuku,
akazikandamiza kwa kiganja kama mtu anayefunika mbegu.
Ya mwisho ina tone la dawa ya kifua.

Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga.
Hawakusema nani ainywe
ikiwa mgonjwa keshazikwa.

Siti Holi, kaunta ya nane.
Karani ana miwani ya kamba na kikohozi cha vumbi la faili.
Ananigeuzia kioo cha kompyuta.
"Deni lenyewe ni dogo. Hili hapa."
Kisha kidole chake kinateremka, kinateremka,
kama ndoo kisimani.
"Hiki kingine chote ni riba.
Mwezi huu kuna msamaha, riba inafutwa.
Ila deni lenyewe lilipwe lote, kwa mkupuo,
na mwenye jina aje."

Mwenye jina aje.
Nilicheka, foleni nzima ikageuka.

Jina haliwezi kumtoka baba liende kwa yeyote
kwa kuwa mimi na Musembi hatujakanyaga mahakama pamoja.
Yeye husema binti aliyeolewa hana ploti.
Mimi nilisema, na nilisemea matangani, watu wakisikia,
kwamba anayekula kodi ya marehemu
hata sanda angeiuza.
Neno moja hilo. Miaka tisa.
Piga hesabu mwenyewe limezaa kiasi gani.

Nimetoka nje, nikasimama karibu na muuza karanga,
nikatafuta namba ambayo sikuwahi kuifuta.
Iliita sana.
"Wamefunga lango," nikasema.
"Najua."
Nyuma yake mtu alikuwa akigongelea mabati.
Sikuongeza neno, naye hakuongeza.
Mabati yakanyamaza.
"Huo msamaha," akauliza, "unaisha lini?"

Nikamwambia Ijumaa.
Saa kumi, wanafunga kaunta.