Mistari ya Reli

Saa nane usiku, Wete, chumba cha seva
ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro ya wodi,
nimekaa juu ya ndoo niliyoifudikiza
nasoma maelezo ya toleo jipya.
Yameandikwa kikavu, kama tangazo la msiba wa mtu usiyemjua:
mipangilio imehama,
folda ya zamani haitasomwa tena baada ya leo,
kilichomo ndani ya kontena hakivuki,
ila kilichowekwa kwenye hifadhi ya nje.

Mie hayo nayajua. Kontena ni nyumba ya kupanga:
ukihama, misumari uliyoipigilia ukutani haikufuati.
Tia vyako sandukuni, sanduku likae nje,
nyumba ivunjwe, ijengwe, ivunjwe tena,
sanduku utalikuta pale pale.

Faki hakutia sandukuni.
Faki Shaame na haraka zake. Damu ilitolewa Wete,
majibu yalitoka Unguja,
na baina yao palikuwa hapana njia ya kuaminika.
Akalichimba handaki hili, wiki nzima,
kwa chai ya rangi na mkate wa kumimina,
faili akaliacha ndani ya kontena, ndani kabisa,
kama mtu afichaye pesa kwenye foronya.
Kisha akapata kazi Maskati.

Nilitoa nakala kwanza. Si mjinga.
Nikabonyeza.
La zamani likazimika bila kuaga.
Jipya likaamka, likapapasa, likaona,
likahamisha: anwani, mlango, ufunguo wa siri,
kila kitu mahala pake papya,
mabano yamejipanga kama meno ya bandia.
Taa ya kijani.
Majibu ya mtoto mmoja wa Mtambwe
yakatokeza kwenye skrini
kabla sijamaliza kupiga miayo.

Ningekwenda kulala.
Nikalifungua faili jipya, basi tu, kulitazama,
na mistari ya Faki haimo.

Ile inayoanza na alama ya reli
(reli, kwenye kisiwa kisichowahi kuona treni),
mistari ambayo mashine ikifika huiruka
kama tunavyoruka dimbwi la mbele ya soko:

# hapa usiguse, nimekesha siku tatu
# umeme ukikatika hesabu thalathini, wacha pupa
# namba hii sijui kwa nini inafanya kazi. inafanya.
# Mize, ukisoma hapa jua sijala tangu asubuhi

Siwezi kulilaumu sasisho.
Lilibeba kila kilichokuwa na kazi.
Nani angeliambia kwamba mstari wa nne
nilikuwa nikiusoma kila Ijumaa
na faili lenyewe halina tatizo?

Chuoni nilifunzwa: usiache mbachao
kwa msala upitao.
Lakini msala huu haupiti, umekuja kukaa,
na mbachao ushaviringishwa.

Nikajaribu kuirudisha. Mmoja tu.
Muundo mpya haujui reli. Ukagoma:
*kosa, mstari wa kumi na mbili, herufi isiyotarajiwa.*
Isiyotarajiwa! Nikacheka peke yangu
mpaka mlinzi, Bwana Hamad Juma, akagonga dirisha
kuuliza kama kuna heri.
Heri, nikamwambia. Handaki li wazi.

Basi nikafungua nakala,
nikaitoa mistari yake yote, kumi na saba,
na makosa yake ya herufi,
nikaitia kwenye faili dogo pembeni,
huko nje, kwenye hifadhi, ambako sasisho halifiki.
Programu haitalisoma kamwe.
Halina wa kulisoma ila atakayekalia hapa baada yangu,
saa kama hii, na miayo kama hii.

Nikalipa jina: usiguse.
Na chini kabisa nikaongeza wangu:

# kiti kimevunjika. tumia ndoo.