Dumu la Bakiri

Usiku ule Bakiri hakulala.
Alichota dumu la lita tano,
akaliweka mlangoni karibu na kandambili,
akakaa kuulinda Mkomaindo.

Shuleni walikuwa wameonyeshwa picha:
mlima umeachama,
unatema moto kama mtu aliyetafuna pilipili.
Na mlima wetu, hapa Masasi,
uko nyuma ya choo cha akina Nampota.
Hatua mia mbili, amezihesabu.
Mia mbili na kumi na tatu ukikwepa mbuzi.

"Shangazi Somoe, ukilipuka je?"

Shangazi hakujibu.
Asubuhi alimwita uani:
"Simama mbali. Mbali zaidi."
Akamimina korosho na maganda yake
juu ya bati lenye matundu, moto chini.

Kwanza kimya.
Kisha ganda likatoka jasho jeusi.
Kisha fsss,
kisha pwaa! mafuta yakaruka, yakawaka hewani,
moshi ukapanda hadi kwenye kamba ya nguo
na shuka nyeupe ikajuta kuanikwa.

"Dunia nayo ina ganda," akasema,
"ndilo hili tunalolikanyaga.
Chini, chini sana,
chini kuliko visima vyote ukivipanga kimoja juu ya kingine,
kuna joto la kuyeyusha mawe.
Jiwe likiyeyuka ni uji mzito, mwekundu,
una hewa iliyobanwa ndani,
na kilichobanwa, Bakiri, hutafuta ufa.
Uji ukipata ufa, huo, unapanda.
Ukitoka unamwagika, unapoa, unakuwa jiwe tena.
Siku nyingine unatoka mwingine,
unalala juu ya ule wa kwanza
kama chapati kwenye sahani,
mpaka panakuwa mlima.
Volkano hujijenga kwa matapishi yake yenyewe."

Bakiri alilicheka neno matapishi.
Alilirudia mara nne.

"Na Mkomaindo?"

"Huu haukutapika kitu.
Jiwe lake lilipikwa hukohuko chini,
likapoa taratibu, limefunikwa.
Mvua ndizo zilizolifukua,
mvua za miaka ambayo hakuna aliyekuwepo kuihesabu.
Inayotema iko kaskazini,
siku nyingi kwa miguu yako hiyo."

Jioni tulikwenda. Akabandika kiganja kwenye mwamba.
"Una moto!"
"Jua hilo, limeuchoma mchana kutwa."
Akanyamaza. Akatega sikio.
Tukageuka kurudi, lakini dumu akaliacha pale,
kifuniko wazi.
"Ukibadili mawazo," akauambia,
"maji haya hapa."