Bila Mzigo

Niliinunua Kibuye, Jumapili, nyuma ya safu ya vitanda:
baiskeli ya milimani, mtumba wa ng'ambo,
gia ishirini na moja, tatu tu zinazokubali.
Chini ya kiti kibandiko kimekwanyuka nusu:
kichala cha zabibu, na maneno nisiyoweza kuyasoma.
Obura muuzaji alikikwangua kwa kucha, akasema,
"Huko ilikotoka ilikuwa inapita katikati ya mizabibu.
Watu wanaendesha tu. Hawaendi popote."
Akacheka hadi akakohoa,
kisha akapandisha bei.

Saa kumi na mbili na robo, Ahero.
Niko juu ya tuta la mfereji,
kushoto maji, kulia maji,
kijia chenyewe upana wa ng'ombe mmoja mwenye adabu.
Pampu ya Nyando imeamka, inaguna mbali.
Mpunga umefika kiunoni, yangeyange wamesimama ndani yake
kama karatasi zilizopeperuka kutoka ofisini kwa mtu.
Kule mbele ukingo wa Nandi bado ni wa samawati,
haujaamua kuwa mlima.

Mvulana wa kufukuza kweleakwelea
anapiga debe lake, ananiona, anasahau ndege.
"Wapeleka nini?"
Sipeleki kitu.
Mwenye trekta anauliza. Mama wa maandazi anauliza.
Wapeleka nini?
Nyuma hakuna keria. Hakuna hata kamba.
Wananitazama kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu
na hajui.

Kwa sababu hapa baiskeli ni punda mwenye kengele.
Baba alikuwa na blakimamba,
magunia mawili ya mpunga, la tatu likikaa mlalo,
yamefungwa kwa mipira iliyokatwa tairi la lori.
Kwenye tuta hili hili alisukuma kuliko alivyoendesha,
bega la kushoto likashuka na halikupanda tena,
hata fundi wa suti yake ya mwisho alilipima peke yake.
Akishusha mzigo kinuni alipakia kuni.
Akikosa kuni alinipakia mimi.
Sijawahi kumwona baba
amekaa juu ya baiskeli tupu.

Nakanyaga.
Upepo una harufu ya tope na molasi ya Chemelil.
Miguu inakwenda, akili inakwenda nyuma yake,
na kwa kitambo, tuseme kutoka lango la tatu hadi la nne,
sidaiwi na mtu,
mnyororo unaimba ule wimbo wake wa kutu,
na mimi ni mzembe, mzembe kabisa, mwenye furaha.

Halafu mfinyanzi mweusi.
Huo haukuulizi.
Gurudumu la mbele likaenda kwake, mimi kwangu,
mfereji ukanipokea hadi kifuani.

Wanawake waliokuwa wanapandikiza waliinuka wote pamoja,
mikono viunoni, wakacheka cheko refu la watu
walioinama tangu alfajiri na walikuwa wanatafuta sababu.
Nyagudi, matope hadi magotini, alinivuta kwa mkono mmoja.
Hakuniuliza napeleka nini.
Alisema, "Ukishalowa, umelowa.
Ivushe hii miche hadi jaruba la Ogweno, inakauka."

Tukaifunga kwenye usukani kwa leso yake,
mafungu sita, yakidondosha maji gotini mwangu.
Nikaondoka nikiyumba.
Na wallahi, ile gia ya nne,
iliyonigomea kutoka Kibuye, kutoka Kibos,
ikauma meno ya mnyororo na kukubali.

Nilirudi nikiwa mtupu, jua limeshika.
Ilikataa tena.
Nikashuka, nikasukuma kidogo, bega la kushoto mbele.
Kibandiko kilikuwa kimelowa, zabibu zimevimba
kama zinataka kuiva.
Mvulana wa ndege alipiga debe lake.
"Umepeleka nini?"
Nikafungua mdomo kumjibu,
kundi zima la kwelea likaruka juu ya mpunga,
akakimbia.